Asubuhi Tuliyogawa Viini Ziwani

Mimi hasira zangu ziko karibu, Gungu nzima hapa Kigoma wanajua. Ukiniletea kompyuta uliyoimwagia chai halafu ukaniambia imezima yenyewe, nitakusema kwanza ndipo niifungue. Kwa hiyo nikisema kuna asubuhi nilikaa kimya nikashindwa hata kupumua vizuri, ujue niliona kitu.

Mtafiti mmoja wa samaki, dada wa mtaa wa jirani, Katubuka, alikuja kibandani kwangu ana haraka. Alikuwa amepewa boti ya utafiti kwa asubuhi mbili tu, kisha inarudi kwa wenyewe. Ndani yake kuna mashine ya mwangwi: inapiga mlio kwenda chini ya maji, inausikiliza ukirudi, na kompyuta inachora kilichoko huko. Alitaka kurekodi dagaa wanavyoshuka kilindini kunapopambazuka. Rekodi ikiwa na mapengo, utafiti wake wote unatupwa. Na asubuhi ya kwanza ilikuwa imeshatoka na mapengo matupu.

"Dada fundi, imebaki kesho," aliniambia. "Na kesho baba anakuja."

Baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa tangu ujana, hadi juzijuzi alipouza mtumbwi na nyavu. Alisema samaki wameisha, yeye hawezi kuzeeka akivua maji. Binti alitaka mzee aone mwenyewe, kabla hajaliaga ziwa moja kwa moja.

Siku ile nilishinda botini nikibadilisha waya. Picha za mwangwi hazikukaa kwenye kompyuta yenyewe. Zilisafiri kwa waya wa mtandao hadi kwenye sanduku la diski lililofungwa chumba cha nyuma, mbali na maji. Nikajiambia ugonjwa uko kwenye waya. Nikabadilisha wote, nikajipongeza, nikaenda kulala.

Kesho yake tukatoka bandari ya Bangwe bado giza halijaachia vizuri. Mzee alikuwa amevaa kofia na koti zito, amekaa karibu na kioo cha kompyuta, mikono magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Mtafiti akawasha kurekodi. Hatujakaa, picha ikaanza kukatika: mstari, pengo, mstari, pengo. Yarabi! Yule dada hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Angenitukana ningejua pa kushika.

Nikaacha waya, nikafungua ukurasa unaoonyesha prosesa, ubongo wa kompyuta, inafanya nini. Ndani kabisa ya mfumo endeshi kuna kitu kinaitwa kerneli. Huioni, haina kitufe wala picha, lakini ndiyo inayoamua kazi gani ifanywe na kiini kipi cha prosesa. Prosesa ile ilikuwa na viini vinane, wafanyakazi wanane ndani ya kipande kidogo kuliko biskuti. Kimoja kilikuwa kimeelemewa hadi juu. Saba vimelala fofofo.

Kumbe kazi yote ya kufungasha picha na kuzisukuma hadi kwenye sanduku la diski ilikuwa imefungiwa kiini cha kwanza peke yake. Na kiini hicho hicho ndicho kilichopewa kusikiliza mwangwi. Kikisukuma, hakisikii. Kikisikia, hakisukumi.

"Nani kafanya hivi?" nilifoka.

Nahodha akakohoa kule kwenye usukani. "Mimi ndiye niliyemwambia fundi aliyeifunga mashine hii abane umeme. Akasema viini vingine atavilaza."

"Umebana umeme ukaua kazi ya mtu!"

"Betri hiyo hiyo ndiyo inaendesha redio na pampu ya maji, fundi. Nisibane, tuzame?"

Nilikuwa na jibu kali mdomoni, nikalimeza, maana alikuwa na haki. Yeye naye alitazama uso wa yule binti, akaguna, akaenda kuchomoa friji yake ndogo. "Haya, chukueni umeme wa soda zangu. Zikichemka mtazinywa hivyo hivyo."

Nikamgeukia mtafiti. "Naweza kugawa upya hizi kazi huku inarekodi. Lakini nikikosea inaganda, na asubuhi imekwenda."

Nyuma yetu milima ya Kigoma ilikuwa imeshaanza kuwa na rangi. Akaitazama, akamtazama baba yake. "Fanya, dada."

Niliandika mstari mmoja. Kazi ya kupeleka picha kwenye diski iende kwenye vile viini vilivyolala. Cha kwanza kibaki kinasikiliza tu. Nikabonyeza, nikafumba macho.

Aisee. Nilipofumbua, vile vilivyokuwa vimelala vilikuwa vimeinuka, kila kimoja kimechukua fungu lake, na kile cha kwanza kimeshusha pumzi. Hakuna kilichozima. Hakuna hata picha moja iliyopotea katikati ya kuhama. Nimeshika kompyuta miaka mingi na bado nywele zilinisimama, kwa sababu mahali fulani kuna mtu nisiyemjua aliyekaa akafikiria kwamba siku moja mwingine atahitaji kugawa kazi bila kusimamisha kazi, akaacha mlango ndani ya kerneli. Nilitamani kumshika mkono.

Halafu wakaja.

Lilianza kama wingu la njano karibu na juu ya kioo. Likawa zito, likatanda kioo kizima, na kadiri mwanga ulivyoongezeka nje, nalo likazama, taratibu, lote kwa pamoja, bila kusukumana. Mungu wangu, walikuwa wengi! Chini yao kulikuwa na weusi mtupu, maana pale ziwa linapita kilomita moja kwenda chini na mlio wetu haukufika sakafuni. Sisi tulikuwa tumeelea juu ya hayo yote ndani ya kibati. Nahodha alipunguza injini bila kuambiwa. Kihesabio cha mapengo kikabaki sifuri, na yule dada alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Mzee alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Akafuata lile wingu kwa kidole likishuka.

"Hawa wako wapi?" akauliza.

"Hapa, baba. Chini ya miguu yako."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Mzee akavua kofia, akainama kidogo kama anayepishana na wakubwa njiani, akawaambia dagaa, "Mwakeye," ile salamu yetu Waha ya asubuhi.

Binti yake akageukia ziwani akaanza kulia, na rekodi ikaendelea.