Maua Yaliyokatwa Mapema

Jiko la shule ya bweni lilipofungwa, mpishi wake hakulia. Wanafunzi walikuwa wakimwita Mama Tanuri, kwa jinsi alivyoingiza mikono kwenye moto kama mtu anayenawa, na jina hilo alirudi nalo nyumbani pamoja na sufuria mbili za kuagwa. Akamwambia mumewe, fundi bomba, kwamba ule mteremko wa changarawe nyuma ya nyumba, uliokataa mahindi ukakataa na maharage, ataupanda lavenda.

"Lavenda ndiyo nini?"

"Maua. Yanapenda ardhi mbovu."

"Basi hapa yatafika peponi," akasema fundi, lakini akachukua jembe.

Binti yao mkubwa, aliyemaliza masomo akakosa kazi, akawa mkono wa kulia wa mama yake. Msimu wa kwanza miche ilikaa tu, ya kijivu, kama imesusa. Msimu wa pili mteremko mzima ukawa zambarau, na nyuki wakahamia. Mama na binti wakakausha maua, wakayapukuchua, wakayakanda na siagi, sukari na unga. Biskuti zikatoka nyepesi, zinavunjika mdomoni zenyewe. Mwenye duka la kona alichukua kopo moja la kujaribia. Kabla wiki haijaisha akaja mwenyewe kugonga mlango akitaka mengine.

Aliyekataa kuonja alikuwa mama mkwe, bibi mwenye ulimi mkali, aliyekaa chumba cha uani.

"Mimi sili sabuni," alisema, mbele ya wageni, kwa kuwa maua yalimnukia kama sabuni. "Nikitaka kuogesha matumbo nitawaambia."

Mama Tanuri alikuwa na sharti moja tu: dawa ya wadudu isiguse shamba lile, kwa kuwa ua la lavenda haliliwi likimenywa, linaingia mdomoni kama lilivyo. Wote walilijua sharti hilo. Lakini msimu wa tatu, mama na binti wakiwa sokoni, fundi alikuta wadudu wa vidukari wamejazana kwenye mabua. Alitazama kazi ya mkewe inavyonyonywa, roho ikamuuma. Akachukua pampu akapuliza mteremko mzima. Mavuno bado, alijiambia, hadi wakati huo dawa itakuwa imekwisha nguvu. Kesho yake akaitwa kwenye kazi ya mabomba mji mwingine, akaondoka bila kusema neno.

Huku nyuma mbingu zikafunga. Mvua ikikuta lavenda imechanua, maua huoza. Mama Tanuri na bintiye wakaingia shambani na mundu, wakakata kila kitu, na kwa kuwa oda zilikuwa zinangoja, wakayakausha kwenye tanuri la moto mdogo.

Fundi aliporudi, alimkuta mkewe jikoni anatoa sinia ya mwisho ya biskuti. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa vyuma begani.

"Hayo maua umeyatoa wapi?"

"Shambani, wapi tena? Mvua ilitutisha, tukawahi kuvuna. Karibu, ukae."

Fundi hakukaa. Mfuko ulimteleza, vyuma vikatawanyika sakafuni.

"Mama watoto, nilipuliza dawa."

Mama Tanuri aliiweka sinia chini polepole.

"Ulipuliza lini?"

"Jioni ya kuamkia safari. Nilidhani..."

"Utanieleza ulichodhani baadaye. Mwalimu mkuu wa chekechea amechukua makopo asubuhi hii. Watoto wanafunga shule leo. Wewe kimbia dukani!"

Alitoka na aproni yake, unga hadi kwenye viwiko. Chekechea haikuwa mbali, lakini siku hiyo njia ilirefuka. Kila alipojaribu kukimbia zaidi kifua kilimbana, na kila alipopunguza mwendo aliwaona watoto wakitafuna. Alisikia wimbo kabla hajafika getini. Kisha wimbo ukakoma. Wakiacha kuimba, wanakula.

Watoto walikuwa wamekaa kwenye mikeka, kila mmoja na biskuti mkononi, wanangoja kuruhusiwa.

"Msile!" alipiga ukelele. "Wekeni chini! Wekeni chini, wanangu!"

Wengine walianza kulia. Mwalimu mkuu alimjia akiwa amekunja uso.

"Mama, ni nini hiki?"

"Zina dawa ya wadudu. Maua yalipuliziwa, sikujua. Mwalimu, yupo aliyekwisha kula?"

Mwalimu mkuu aliweka kopo chini. Wakapita mkeka kwa mkeka, wakafungua viganja, wakachungulia midomo. Mmoja tu alikuwa amemega pembe, akaitema kwenye shati kwa sababu hakuipenda. Walimwosha uso na mikono, wakatuma aitwe mzazi wake.

"Ungechelewa kidogo tu..." mwalimu mkuu alisema kwa sauti ya chini.

Dukani fundi alikuta rafu ina makopo machache. Mengine yalishauzwa, na mwenye duka alikumbuka wanunuzi nusu nusu. Mama Tanuri alipofika, alisimama mlangoni mwa duka na kumweleza kila apitaye: aliyenunua biskuti zangu asile, azirudishe, zina sumu. Mwenye duka alimvuta kando.

"Dada, sema zimeharibika tu. Ukitaja sumu umejizika."

"Zilizoharibika mtu hukwangua akala," alijibu, akarudi mlangoni.

Makopo yalikuwa yanarudi, moja moja, wakati binti alipokuja anahema.

"Mama, bibi anatapika."

Walimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka, mate yanamtoka, mikono inatetemeka.

"Mama, umekula biskuti?" fundi aliuliza.

"Nimesema sili sabuni."

Mama Tanuri alipiga magoti mbele yake. "Mama yangu, nicheke baadaye, nitukane baadaye. Sasa niambie umekula nini, usije ukatufia hapa."

Bibi alifumba macho. "Chai," alisema. "Nachukua maua yako nachemsha. Yananipa usingizi. Konzi nzima. Na leo pia."

Fundi aliivuta chupa ya dawa kutoka stoo, wakambeba bibi hadi zahanati kwa gari la mwenye duka. Muuguzi alisoma maandishi ya chupa mara moja tu, akamwita daktari kwa sauti iliyowanyamazisha wagonjwa wote kwenye foleni. Bibi alichomwa sindano, akawekewa dripu, na mlango ukafungwa.

Kwenye benchi nje, mume na mke walikaa wakiachiana nafasi ya mtu wa tatu.

"Nilitaka kukusaidia," fundi alisema.

"Najua."

"Basi sema kitu."

"Mama yako yuko ndani hajulikani atatokaje. Unataka nikwambie nini?"

Bibi alitoka salama, mdhaifu, analalamikia uji wa zahanati. Makopo yote yalirudi isipokuwa mawili, na kwa muda mrefu Mama Tanuri alishtuka kila mlango ulipogongwa. Hakuna aliyekuja na habari mbaya.

Maua yaliyokaushwa waliyafukia mbali na kisima. Vichaka walivikata vikabaki visiki, wakangoja vichipue upya. Mezani nyumba ilikula kimya. Kisha siku moja Mama Tanuri alimwambia mumewe yote yaliyomjaa, mbele ya binti na bibi, bila kuacha hata moja, na fundi akayasikiliza yote. Baada ya hapo wakaanza tena kuzungumza.

Msimu uliofuata Mama Tanuri alioka tena. Baadhi ya wateja walirudi, wakisema mwokaji anayetangaza kosa lake mwenyewe ndiye wa kuaminiwa. Wengine hawakurudi. Mwalimu mkuu hajaagiza tena hadi leo. Wakikutana njiani humsalimia vizuri, humuuliza hali ya nyumbani, na hupita.