Miche ya Nyanya ya Asiyekuwepo

Miche niliyonunua sokoni Kondele asubuhi imeniachia vidoleni ile harufu kali ya majani ya nyanya, na tangu hapo siwezi kutulia. Harufu hii inanirudisha nyuma ya nyumba yetu ya utotoni, kijijini Kisian, kwenye udongo mweusi ulionata miguuni.

Kwetu nyanya zilipandwa kwa hesabu ya midomo: kila mtu wa nyumba, miche miwili. Mama alichimba mashimo yangu, ya dada, na yake. Akasimama, akatazama barabara, akachimba mengine mawili. Akayafukia. Akayachimba tena.

“Mama, hayo ni ya nani?”

“Shika miche, wacha maswali!”

Jirani akachungulia juu ya ua. “Mama, si mumeo alisema harudi? Utamwaga maji bure.”

Mama akapanda miche miwili kwenye mashimo hayo. Kila jioni alianza kwa kumwagilia miche hiyo miwili, nayo ikazaa kuliko yetu yote. Hatukuruhusiwa kuichuma. Nyanya zilianguka zikaoza palepale.

Siku hizi naishi na mwanangu, sisi wawili tu tangu mwenzangu aondoke. Miche minne inatutosha kabisa.

Nimechimba mashimo sita.