Handaki la Shemeji

Neno handaki lilipanda Newala pamoja na makoti ya wanaume waliorudi kutoka vita vya Bama. Kabla ya hapo tulikuwa na mashimo tu, na yalitutosha. Mara choo kikawa handaki, shimo la kuivishia ndizi likawa handaki, na mtu aliyekwepa kazi za jumbe alijisifu, "Nilikuwa handakini." Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitueleza kuwa ni mtaro ambamo askari hujikinga na risasi. Nikamkaribisha kijijini kwetu Makote aje amwone shemeji yangu, aliyejikinga na jembe.

Shemeji huyo alimwoa dada yangu, akahamia kwetu kama ilivyo desturi, ili amlimie mama mkwe. Kwa desturi hiyohiyo mama hakusema na mkwewe ana kwa ana. Maneno aliyapitisha kwa mbuzi, kwa kinu, hata kwangu. Masika yale alikiambia kinu, shemeji akiwa kando, "Ewe kinu, nguruwe wakila muhogo wangu tena, mimi sina mkwe."

Wakwe wengine walijenga wigo wa miti. Wetu alicheka.

"Wigo ni wa kuku, shemeji. Kule Bama tulimzuia Mjapani kwa handaki!"

"Kwani Mjapani alikuwa anakula muhogo?"

"Raia hawezi kuelewa."

Akachimba. Tumpe haki yake: lilikuwa refu kama barabara ya Ndanda, na kina chake kingemeza lori na utingo wake. Kisha akavaa koti, akaketi humo akivuta sigara na kuwapigia saluti wapita njia. Palizi alimwachia dada.

Sasa, mchanga wetu haushiki hata maji. Ndiyo maana wanawake huteremka bondeni na mitungi. Utashikaje ukuta? Mvua kubwa ya kwanza ilibomoa kingo zote mbili, handaki likawa mteremko laini, njia ya wageni wa heshima. Nguruwe walishuka, wakapanda, wakala muhogo wote. Nadhani na mwingine waliwabebea watoto.

Asubuhi mama alifika shambani. Hakutafuta mbuzi wala kinu. Alimtazama shemeji usoni.

"Hujambo, baba?"

"Sijambo! Shikamoo, mama!"

"Marahaba."

Shemeji akanigeukia, uso unang'aa kama aliyepandishwa cheo. "Umesikia? Leo amenisemesha mwenyewe!"

"Nimesikia, shemeji."

Dada naye alikuwa amesikia. Alikuwa ameshashika njia ya nyumbani kumkunjia mkeka wake.