Kaburi Lililochimbwa kwa Ajili ya Picha

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, huwa naweka chini chochote nilichoshika, na wajukuu wangu wameshanizoea, wananiacha. Ni siku tuliyochimba kaburi nyuma ya studio. Lilikuwa kaburi la kuigizia tu. Tulifikiri tutapiga picha zetu, tutalifukia, na kila mtu atakwenda zake nyumbani.

Wewe umekuja unataka historia ya studio, majengo yalianzaje, nani alijenga nini, na sisi wazee tusimulie mbele ya kamera yako. Nitakueleza, maana umenipa shikamoo ya heshima na umekunywa uji wangu bila kukunja uso. Kamera iache hapo mezani. Picha za majengo utapiga kesho, majengo hayakimbii.

Pale pote palikuwa kinu cha pamba. Pamba ililetwa kutoka vijijini, ikachambuliwa, ikafungwa marobota, ikapelekwa bandarini. Kinu kilipokufa yakabaki mabati na kuta, na mwenye eneo akawakodisha watu wa tamthilia. Bohari ya marobota ikawa ukumbi wa kwanza wa kupigia picha, kwa sababu kuta zake nene zilizuia kelele za barabarani. Chumba cha karani wa mizani kikawa sehemu ya kuhariri. Kilikuwa na dirisha dogo la nondo, na aliyeingia humo asubuhi alitoka macho mekundu. Banda la mashine wakapewa maseremala, waliokuwa wakitujengea nyumba zenye ukuta wa mbele tu. Mimi nilipewa stoo ya mbegu niweke mavazi. Watu walimsifia bibi harusi wetu kwenye televisheni, hawakujua kwamba shela lake lilinuka mafuta ya pamba.

Kazi yangu ilikuwa hayo mavazi, pamoja na kuwapanga watu wanaojaza tukio. Ukiona sokoni pamejaa, au kanisani, au msibani, ujue mimi ndiye niliyewaita majirani, nikawavalisha, nikawaambia wasimame wapi na wafanye nini. Korongo walikuwa wakitua juu ya bati na kutembea huko kwa kishindo kama walevi wanaotafuta ufunguo, na mwongozaji wetu Deo alikuwa akisimamisha kazi mpaka waondoke. Deo alikuwa kijana mwenye akili, mchapakazi, hakuwa na roho mbaya. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Tamthilia yetu ilikuwa na baba wa familia, na huyo baba aliigizwa na Mzee Bulugu, mtu mzima aliyependwa kuliko sisi wote. Mwandishi akaamua huyo baba afe. Mzee Bulugu alikubali kufa, ila alikataa jeneza.

"Nitakufa kitandani, nitakufa barabarani, unavyotaka wewe," alimwambia Deo. "Humo silali. Mimi bado nina meno yangu."

Basi jeneza likajazwa matofali ili wabebaji waonekane wamebeba mtu. Lenyewe tuliliazima kwa fundi mmoja wa Nyamagana, kwa sharti kwamba lirudi bila mkwaruzo, naye akalimalizie mteja wake. Sikumuuliza mteja ni nani. Kaburi nalo lilitutesa kidogo. Mji wetu unaujua, ukipiga jembe unakutana na jiwe. Penye udongo wa kutosha palikuwa mahali pamoja tu, nyuma ya bohari, na hapo ndipo vijana wa kazi walipochimba. Walichimba kaburi kamili, kwa sababu Deo alitaka lionekane kamili.

Nikaita akina mama wa jirani waje kulia. Miongoni mwao alikuwa Mama Magesa, aliyekuwa akikaanga samaki nje ya geti letu. Alikuwa Mjita wa upande wa Mara, ameolewa huku kwetu, mjane, mama asiye na maneno mengi. Alikuwa amevaa kitenge cha njano, na kwa kuwa rangi ile ilipendeza, nikamweka mbele, karibu na kaburi.

Tukaanza. Akina mama wakalia, jeneza likashushwa, Deo akasema turudie. Tukarudia tena. Halafu Deo akaniita pembeni.

"Dada Kabula, yule mama wa njano mbona halii? Yuko mbele kabisa, anaharibu picha."

Nikamwendea Mama Magesa, nikainama kwa adabu, nikamwomba alie kidogo.

"Humo hamna mtu, binti," alisema. "Nimlilie nani, matofali?"

"Mkumbuke marehemu wako yeyote, mama," nikamwambia. "Machozi yatakuja yenyewe."

Ndivyo tulivyofundishwa, mwanangu, na nilikuwa nimeshawaambia hivyo watu wengi. Wengine walinishukuru. Yeye aliniangalia, si kwa hasira, ila nilitamani angekasirika.

"Wangu hajazikwa," alisema. "Na wewe usinifundishe kumlilia mwanangu kwa ajili ya kamera yenu."

Nilirudi kwa Deo nikamwambia mama yule hataweza, tumhamishie nyuma, na tukamhamisha. Tukamaliza tukio. Jeneza likatolewa, matofali yakashushwa, gari likaondoka nalo kurudi Nyamagana. Deo akawaambia vijana wafukie haraka na wasawazishe, maana kesho yake palepale tungepiga picha za harusi.

Vijana wakachomeka makoleo kwenye udongo wakasimama. Mmoja alisema mgongo unamuuma. Mwingine alisema anasubiri mwenzake aanze. Hakuna aliyetaka kusema wazi, lakini sote tulijua, na wewe pia unajua, hata kama umezaliwa Buswelu juzi. Kaburi likishachimbwa na watu wakalia juu yake, halifukiwi tupu. Asipolazwa mtu, unalazwa mgomba badala ya mtu. Katika mipango yetu yote, ya taa na mavazi na matofali, hilo hatukuliwaza.

Deo alicheka, lakini hakubisha. Naye alilelewa na bibi yake. Akawatuma wale vijana kwa jirani mwenye shamba, wakarudi na mgomba, wakauweka ukingoni. Hapo ndipo Mama Magesa alipotoka nyuma nilikomweka mimi.

"Naomba," alisema, "huu mgomba uwe mwanangu."

Akatueleza kwa maneno machache. Magesa alikuwa akivua dagaa upande wa Kigongo. Upepo uliupindua mtumbwi wao, wenzake wakaogelea wakafika, yeye hakufika. Ndugu za baba yake wakakataa msiba. Walisema bila mwili hawaziki mtu, huenda kijana yuko kisiwani kwa mwanamke, akichoka atarudi. Kwa hiyo matanga hayakukaliwa. Hakuna aliyekuja na mkeka, hakuna aliyemwambia pole. Watu walipokutana naye waliuliza, "Magesa hajambo?" kama zamani, na yeye akawajibu, "Hajambo," kwa sababu angesema nini kingine.

Mzee Bulugu alimuuliza, "Mama, ukoo wa mumeo wakisikia?"

"Watasema," alijibu. "Wakikasirika sana, waje wamfukue."

Deo alivua kofia yake akaitikia kwa kichwa. Mama Magesa akafungua kile kitenge cha njano, akabaki na gauni lake la ndani la kazi, akaufunga mgomba kuanzia juu hadi chini, taratibu, kama anavyofungwa mtu. Nilikimbia stoo nikamletea khanga ajifunike. Mwigizaji wetu aliyeigiza mchungaji wa mazishi yale alikuja kuomba dua, na kabla hajafungua kinywa alivua joho akanikabidhi. Alisema hawezi kuomba akiwa amevaa lile, yeye si mchungaji. Akaomba akiwa na shati lake la kawaida.

Mgomba ukashushwa. Na hapo, mwanangu, Mama Magesa akalia.

Sijui nikuelezeje kilio kile. Alikuwa akimpa mwanawe habari za nyumbani. Alimwambia dada yake amejifungua salama. Alimwambia mtumbwi ulipatikana, na kwamba wale wenzake hawana kosa, asiwafuate. Alimwambia asamehe kuchelewa. Nilikuwa nimeshalipanga jeshi zima la waliaji katika kazi ile, na nikajua kwamba sikuwa nimewahi kusikia mtu akilia.

Nikageuka, nikamwona Deo amemgusa bega mpiga picha, na kamera inainuka polepole. Sikushangaa. Ni picha aliyokuwa akiitaka tangu asubuhi, sasa imekuja yenyewe. Mimi niliiona nikaganda. Mzee Bulugu ndiye aliyetembea, bila haraka, akasimama mbele ya kioo cha kamera, kifua chake kikakiziba chote.

"Zima, Deo."

"Mzee, kitu kama hiki hatutakipata tena."

"Ndiyo maana nakwambia zima. Mimi mlinizika mara nne leo na sikulalamika, nilikuwa nakunywa chai pale. Huyu anazika mtoto. Zima, mwanangu."

Deo akazima. Nilimwona macho yake, alikuwa na aibu na uchungu pamoja. Akaipokea kamera kwa mpiga picha, akaiweka chini, akachukua koleo la kijana aliyesema mgongo unamuuma, akafukia yeye mwenyewe mpaka mwisho.

Baadaye tulipanga mstari, waigizaji, mafundi, akina mama, hata mlinzi wa geti, tukampa mkono mmoja mmoja. Pole, mama. Pole sana, mama. Aliushika kila mkono kwa mikono yake miwili. Ile khanga sikumdai. Harusi tukaipiga mbele, karibu na mizani ya zamani, na nyuma ya bohari tukaweka jiwe kubwa ili mtu asipitishe gari.

Miaka ikaenda. Mama Magesa alikuwa akiingia asubuhi kabla hajawasha jiko lake, anafagia palipo na jiwe, anatoka. Walinzi walibadilika, kila mpya aliambiwa na aliyemtangulia. Kisha Deo akahamia Dar es Salaam. Mzee Bulugu akafariki, safari hii akalala katika jeneza, na sitaki kulisema zaidi. Studio ikauzwa. Wenye mali wapya si watu wabaya, ndio waliojenga hayo unayotaka kuyapiga picha, kumbi kubwa, chumba cha kurekodi sauti, kantini, jenereta ambalo hulisikii likiunguruma. Mimi wakati huo nilikuwa kijijini nikimuuguza dada yangu. Niliporudi, ukumbi wa tatu ulikuwa umeshasimama nyuma ya bohari, sakafu yake ya saruji imekauka, jiwe halipo. Hakuna aliyewaambia. Na wao hawakuuliza.

Nilikwenda kwa Mama Magesa nikiwa nimepanga maneno njia nzima. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia. Alikuwa anajua tayari. Akaniomba nimpeleke aingie.

Ndani mafundi walikuwa wakijenga seti ya baa, wanapaka rangi kaunta. Alitembea akipapasa ukuta wa bohari kwa mkono, akahesabu hatua moyoni, akauacha ukuta, akasogea mpaka katikati ya viti.

"Ni hapa," alisema, akasimama.

Nje mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Mimi nililia, mwanangu, mtu mzima mimi, mbele ya mafundi, nikimwomba radhi kwa niaba ya watu wasiojua hata walichofanya. Yeye akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama siku ile.

"Nyamaza, Kabula," alisema. "Angalau hanyeshewi tena."

Alilisema ili ninyamaze. Nililijua, na yeye alijua nimelijua. Sasa ametangulia naye, amezikwa kwao Majita, mbali na mwanawe.

Hiyo ndiyo historia ya ukumbi wa tatu. Umeniambia unataka watu wazima tusimulie mpaka tulie, watazamaji wanapenda. Sikukatazi kazi yako, hata mimi imenilisha. Ila nisikilize. Kabla hujamwomba mtu machozi, muulize kwanza kama msiba wake ulikaliwa. Ukiona uchungu wa mtu unakuja mbele ya kamera, usiuchukue kwa kuwa tu uko karibu, ngoja akupe, na asipokupa uache upite. Akitokea mkubwa akakwambia zima, zima, hata kama moyo unakuuma. Na ukipewa kiwanja ujenge, zunguka kwa majirani na kwa walinzi uulize pana nani, kabla saruji haijamwagwa. Kuuliza ni kazi ya asubuhi moja. Mzigo wa kutouliza, mimi nimekuwa nikiubeba mpaka uzee huu.

Nenda, mwanangu, Mungu akufungulie kazi yako na aibariki mikono yako. Awalinde watoto wako kwenye maji na kwenye nchi kavu, warudi nyumbani kwa miguu yao. Na siku utakapofiwa, maana kila mtu ana siku yake, akujalie mahali pa kuweka mtu wako, na watu wa kukuambia pole.