Kijitabu cha Korosho Kilichotunza Nyimbo Zetu

Vijana wenye magitaa hunijia hapa Mandawa wakitaka niwaambie wasome nini ili waishi kwa muziki wao bila kumtegemea tajiri wa Dar. Nikiwapa kijitabu cha kilimo cha korosho wanatazamana, wanadhani bibi kashaanza kupitiwa. Nawaacha wacheke. Kitabu kingine sina.

Tulikipata miaka ya tisini kwa bwana shamba aliyekuwa akizunguka vijiji vya Ruangwa na baiskeli. Alikuta mikorosho yetu imeshikwa na ubwiri, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua, akatuonea huruma akatuachia, tujifunze kuupulizia salfa, dawa yake. Mume wangu alikipokea kwa mikono miwili kisha akanipa mimi. Alikuja kutoka Msumbiji akiwa mtoto, Kimakua ndiyo lugha yake, na kusoma hakukuwahi kumwingia. Yeye alijua gitaa na jembe. Mimi niliimba, yeye akapiga, na msimu wa unyago ulipofika, baada ya mavuno, tuliitwa kuanzia Nachingwea mjini mpaka Kilimarondo kwenda kuwachezesha watu siku ya kuwatoa wanawali.

Jioni tukiwa tunabangua korosho, nilikuwa namsomea. Alinikatiza kila mara, mtu mbishi yule. Ila ukurasa wa kuuza mazao alitaka niurudie, ingawa ulimuuma. Ulikataza kuuza korosho zikiwa bado ua, yaani mfanyabiashara anakulipa kidogo wakati una shida, halafu msimu ukifika anachukua zote. Tulishafanya hivyohivyo mwaka wa unyago wa binti yetu. Tulitaka mchele na khanga za sherehe, tukauza maua, na mavuno yalipofika tukaokota korosho za mtu mwingine chini ya mikorosho yetu wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulirekodi kanda yetu Nachingwea, katika chumba kilichozibwa madirisha kwa magodoro. Watu wakaanza kunakiliana, mkono kwa mkono, hadi ikafika Dar. Siku moja msambazaji wa kanda akaja nyumbani na karatasi ya mkataba, na redio kaseti mpya ya zawadi ikiwa bado kwenye boksi. Nikamsomea mume wangu ile karatasi pale uani, mgeni akiwa amekaa. Ilitaka kanda, ilitaka nyimbo zote zilizomo, na ilitaka pia nyimbo tutakazotunga miaka ijayo. Na kuziimba mahali popote, hadi atupe ruhusa yeye.

Mimi nilitaka tusaini, sifichi. Nilikuwa nimechoka kubeba kichwani betri ya gari ya kuwashia spika kila tunapokwenda kupiga, na ile redio ilishaniteka moyo. Mume wangu akaniomba nirudie pale penye nyimbo ambazo hatujatunga. Nikarudia. Akamgeukia mgeni, akamwambia kwa upole:

“Hizi bado ua, bwana. Na unyago wa mwakani tutaimba nini?”

Mgeni hakuelewa. Mimi nilielewa, ndiyo maana nilikasirika. Aliondoka na boksi lake, nami nikamnunia mume wangu mpaka kesho yake.

Hasira zilipopoa tukakifungua tena kile kijitabu, safari hii tukikisoma kama kimeandikwa kwa ajili yetu wanamuziki. Kilisema uchambue korosho kabla ya kuuza, mbovu usizichanganye na nzuri. Tukaziondoa nyimbo mbili zilizokuwa za kujazia kanda tu, moja niliipenda mimi, tukagombana kweli. Kilisema uulizie bei za sehemu nyingine kabla hujakubali ya hapo ulipo. Tukaulizia. Kanda tukazinakili wenyewe, tukaziuza minadani na kwenye ngoma, mkononi mwa watu waliotujua. Hatukutajirika. Lakini mwimbaji mwenzetu wa Mkotokuyana, aliyesaini mkataba kama ule, alikuja kwetu akitaka mume wangu ampigie wimbo wake mwenyewe, auimbe uani tu, kwa kuwa kwingine alishakatazwa. Aliuimba akilia. Siku hiyo nilimwomba mume wangu radhi, na nikamshukuru.

Miaka ikapita, yule bwana shamba akaja kututembelea, kashastaafu. Akaingia shambani peke yake. Nikaona aibu, maana mikorosho yetu ilikuwa na ubwiri uleule. Aliporudi uani uso umemshuka, akasema anaona kijitabu hakikutufaa. Mume wangu akaniambia niweke kanda. Nikaweka, nikamweleza mzee habari yote, kuanzia ukurasa wa kuuza maua mpaka lile boksi la redio. Alisikiliza ameinamisha kichwa hadi upande mzima ukaisha, akafuta macho.

“Ahsanteni sana wanangu,” akasema. “Ila ukurasa wa salfa, ule hamkuusoma?”

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Sasa hayupo, na mzee naye hayupo. Kila msimu maua yakichomoza najifunga kitambaa puani, napulizia salfa mti kwa mti kama kijitabu kinavyotaka. Nikimaliza nakishusha kile kitambaa, naimba nyimbo zetu, wala simwombi mtu ruhusa.