Seva Mbili Zisizosemezana

Chumba cha seva katika kliniki ya mama mdogo, pale Tiwi, kilikuwa stoo ya sabuni. Kina dirisha moja dogo. Bahari haionekani kutoka hapo, lakini chumvi yake inaingia. Kila asubuhi nilifuta vyuma kwa kitambaa kikavu, na kitambaa kilitoka na rangi ya kutu.

Seva zilikuwa mbili, moja karibu na dirisha na nyingine karibu na ukuta. Ndani ya kila moja kulikuwa na programu inayoigawa mashine moja iwe kama mashine kadhaa, kila moja na kazi yake: mafaili ya wagonjwa, duka la dawa, maabara. Kazi hii nilifundishwa na shemeji yangu, mume wa dada, dukani kwake Ukunda, baada ya mimi kumaliza darasa la nane na kubaki nyumbani. Niliipenda kwa sababu mashine hazikutaka niseme.

Mama mdogo alikuwa na sharti moja. Mgonjwa akishasema shida yake, asiulizwe tena. Wanawake hutoka mbali, hukaa kwenye benchi wamejitanda leso, kisha huingia wakanong'ona jambo ambalo hata waume zao hawalijui. Wakirudi wanakuta tunalijua.

"Hiyo ndiyo sitara yao," mama mdogo alikuwa akiniambia, "nayo imo humo chumbani mwako."

Programu ya zamani ilipofika mwisho wa leseni, ilibidi kuchagua nyingine. Shemeji alitaka ile ya bure, inayotengenezwa na watu wa kujitolea. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, anayeshughulikia kompyuta katika hoteli moja Diani, alitaka ya kulipia. Mama mdogo aliwaita wote wawili, akawaandalia chai.

"Shangazi, hii ndiyo tunatumia hotelini," alisema binamu. "Ikileta noma unapiga simu, mtu anashika."

"Mtu wa wapi?" shemeji aliuliza. "Wa Tiwi?"

"Wa huko kwao, bana. Lakini anashika."

"Mimi nipo Ukunda, mama. Ikiharibika napanda boda nakuja."

"Na ukiwa mgonjwa?" binamu akamchokoza.

"Basi nitakuja kutibiwa hapa hapa."

Mama mdogo alisema atasali istikhara, amwombe Mungu amwoneshe lililo na kheri. Hakuna aliyeweza kupinga hilo. Alipotuita tena, alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Moyo wangu umetulia kwa zote mbili."

Nilielewa. Mmoja alikuwa mkwe, mwingine mtoto wa kaka yake. Kumkataa yeyote ilikuwa kumrudisha kwao na aibu. Kwa hiyo kila mmoja alipewa seva yake.

"Zikiwa na programu moja, mama, ikifa hii ile inaibeba kazi yake," shemeji alisema taratibu. "Zikiwa tofauti hazibebani."

Kwa hilo binamu alikubaliana naye. "Zitakuwa wake wenza wasiosemezana, shangazi."

"Na mume wao ni nani?"

"Si huyu hapa," akaninyooshea kidole. "Maskini ya Mungu."

Tulicheka, hata mama mdogo alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha akasema, "Mungu atatusitiri," na mazungumzo yakaishia hapo.

Mafaili ya wagonjwa yakawekwa katika seva ya dirishani, chini ya programu ya shemeji. Dawa na maabara zikaenda ukutani, kwa binamu. Kila Alhamisi nilitoa nakala ya mafaili, nikampa mama mdogo diski akaenda nayo nyumbani.

Mvua za masika zilipoanza, seva ya dirishani ilianza kutoa sauti kama mtu anayesafisha koo. Shemeji alikuja akabadilisha feni. Kabla ya kurudisha kifuniko aliniita nitazame ndani. Vibao vya umeme vilikuwa vimeota kutu ya kijani.

"Haina muda hii," alisema. "Yafaa tuyahamishe mafaili ukutani."

Lakini kuyahamisha kulitaka kuiondoa programu ya binamu, na dada yake binamu alikuwa anaolewa. "Tungoje harusi ipite," mama mdogo alisema. "Nisimvunjie uso mbele ya watu."

Tukangoja. Nikawa nikifungua mlango asubuhi, nasimama kwanza kusikiliza.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Mama mdogo alikwenda, na wagonjwa walipokelewa na nesi aliyeazimwa kwa siku hiyo. Jumatatu nilipofungua mlango sikusikia sauti yoyote. Kulikuwa na harufu kama ya nywele zilizoungua.

Wote wawili walikuja. Walisalimiana, wakaulizana hali za nyumbani, huku benchi limejaa nje. Mama mdogo aliielekeza kidole seva ya ukutani, iliyokuwa ikiwaka taa zake vizuri.

"Hii nzima haiwezi kumbeba mwenzake?"

Alijua jibu.

Binamu ndiye aliyekaa kitini. Alihifadhi kumbukumbu za dawa na maabara, kisha akaifuta programu yake kwa mkono wake. "Mimi sina neno, shangazi," alisema. Chai aliyowekewa hakuigusa. Shemeji akaweka programu ya kwake, nami nikachomeka diski. Baada ya adhuhuri mafaili yalifunguka, na mama mdogo akasema alhamdulillahi.

Yaliyoandikwa baada ya Alhamisi hayakuwemo.

Nilikuwa nje ya chumba cha matibabu cha mama mdogo nanyoosha waya alipoingia mwanamke mmoja wa makamo. Nilimsikia mama mdogo akimuuliza, "Unasumbuliwa na nini, dada yangu?"

Kisha mwanamke akasema, "Si nilishamwambia yule mwenzio Jumamosi?"

"Niambie tena, tafadhali."

"Basi. Nitarudi siku nyingine."

Alitoka amejifunika zaidi ya alivyoingia, akapita bila kunitazama.

Mama mdogo alimpigia simu yule nesi, aliyekuwa amesharudi kwao Mackinnon Road. Nesi alisema waliokuja siku ile walikuwa wengi, na kuna mmoja aliyesema dawa fulani ya sindano humfunga pumzi, lakini sura yake haikumbuki.

Mwanamke yule hajarudi. Siku hizi benchi likijaa, mama mdogo hutoka kwanza, hutoa salamu, na huzipitia nyuso moja moja zilizo ndani ya leso. Huenda miongoni mwao yumo yule aliyetuambia habari ya sindano, naye amekaa ametulia, anaamini tunajua.