Bendera Iliyopiga Kelele

Laiti ningekataa Rajabu aliponiomba niwe macho yake katika shindano la gofu pale Arua, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Rajabu alikuwa mwanajeshi wa zamani kutoka Koboko, aliyepofushwa na bomu. Kazi yangu ilikuwa kuchuchumaa nyuma ya mpira, kuelekeza kichwa cha fimbo yake kwenye bendera nyekundu ya shimo na kumtajia hatua zilizobaki. Kupiga kulikuwa kwake. Nami macho yangu yalikuwa yameanza kufifia, ila niliona haya kusema.

Mashimo manane nilibahatisha kwa kusikiliza wenzetu. Tukafika la mwisho tukiongoza. Nikaona kitu chekundu mbele, nikaelekeza fimbo huko.

“Hatua sitini, Afande.”

Akapiga vizuri ajabu. Mara mwanamke akafoka kutoka vichakani, “Nyinyi wazee! Mpira yenu iko juu ya kitenge yangu! Mimi naanika sasa hivi tu!”

Rajabu akanigeukia. “Ndugu yangu, tangu lini bendera iko naongea?”

Watu wakaangua kicheko, nami nikakiri. Hakunitukana. Jumatatu alinishika mkono, kipofu akanipeleka kwa daktari wa macho. Jicho la kulia likaokolewa, na ninamshukuru hadi leo.

Lakini kikombe alichokitamani kilichukuliwa na mwingine siku ile, kwa sababu ya haya yangu. Rajabu alifariki bila kushika kingine.